Tuleteeni mbio za kutangulizana hapa Mwanza

Mhariri,

Mwangaluka. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mwaloni Kirumba, gazeti huwa linanifikia likiwa limeshapita mikono ya watu kadhaa na lina harufu ya dagaa lakini nalisoma lote mpaka matangazo ya minada. Naomba nafasi niseme kuhusu mbio, na sio mbio ndefu, hizo mnaziandika sana na sina ugomvi nazo, Rock City Marathon ikija mji unachangamka na sisi wafanyabiashara tunauza. Nasema mbio fupi, zile za mita mia na kitu, ambazo huku kwetu zimebaki kuwa kitu cha watoto wa shule kukimbia siku ya michezo alafu basi, hadi mwakani.

Na hata hizo za shule zinaboa, samahani lakini ndo ukweli. Nenda shule yoyote kuanzia Igoma mpaka Buhongwa siku ya mashindano ya madarasa, uliza watoto nani atashinda mita mia, watakutajia jina moja wote kabla filimbi haijapulizwa. Na kweli anashinda yule yule, mwaka jana yeye, mwaka huu yeye, wa pili yuko mbali, wa saba hata hatazamwi. Sasa huyo wa saba mnategemea arudi kufanya nini? Anaacha, anakuwa mtazamaji maisha yake yote, na yule wa kwanza naye hajui mwisho wa spidi yake maana hajawahi kusukumwa na mtu, anaenda UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi ya taifa, anakutana na wa mikoa mingine ndo anashtuka kumbe kuna watu wanakimbia.

Watoto wa mtaani hilo walishalitatua zamani. Wakishindana huku mitaani Mabatini mkubwa anamwambia mdogo "wewe tangulia mpaka kwenye jiwe lile", na huyo mwingine mwenye kitambi kidogo anapewa hatua tano, hapo wanahesabu moja mbili tatu, wanatoka, na mbio inakuwa ya moto kwelikweli maana mkubwa inabidi afukuze na mdogo anakimbia kama anafukuzwa na mbwa. Hiyo "tangulia" ya watoto kuna nchi wameifanya kazi rasmi ya kulipwa, ina sheria, ina waamuzi, ina pesa nzuri, na ina umri kuliko klabu zote za mpira hapa nchini.

Kuna mji Australia unaitwa Stawell, upo jimbo la Victoria (ndio, jina lile lile la malkia aliyebandikwa kwenye ziwa letu), kilomita kama 230 hivi magharibi ya Melbourne. Mji wenyewe mdogo, watu kama elfu sita, yaani ukiumwaga wote pale Buzuruga stendi hutaona tofauti. Lakini kila Pasaka unajaa watu kwa ajili ya mbio moja ya mita 120 kwenye majani, sio kwenye lami wala mpira mwekundu ule wa viwanja vya kisasa, majani kabisa, yamekatwa vizuri, na njia za wakimbiaji zimegawanywa kwa kamba. Walianza mwaka 1878, mshindi wa kwanza alikuwa mkulima na alipewa pauni 24, wakati huo umbali ulikuwa yadi 130 na wameubadilisha kidogo tu tangu hapo. Vita ya pili iliwasimamisha miaka kadhaa, 2020 corona ikawasimamisha tena, miaka mingine yote wamekimbia. Leo mshindi anabeba dola 40,000 za Australia, kwa pesa yetu ni zaidi ya milioni 60, kwa kazi ya sekunde 12 na ushee. Na mbio ya wanawake ina zawadi hiyo hiyo, walisawazisha mwaka 2015, sio ule mchezo wa wanaume bodaboda wanawake jiko la gesi tunaouona kwenye mabonanza yetu.

Sasa siri yake ipo kwenye kutanguliza. Kuna mtu kazi yake ni kupanga nani aanzie wapi. Anashika kumbukumbu za kila mkimbiaji, muda wake msimu huu na uliopita, alikimbia wapi, alishinda nani, alafu anamgawia mita. Mkali kuliko wote anaanzia kwenye sifuri, anakimbia mita zote 120. Wa chini yake anatangulizwa mita mbili, mwingine tano, mwingine tisa, kila mtu na mstari wake, kwahiyo ukiwatazama kabla bunduki haijalia wamesimama mshazari, mmoja mbele mwingine nyuma. Hesabu yenyewe sio ngumu, mtu anayekimbia kwa nguvu mwishoni mwa mbio anakula karibu mita kumi kwa sekunde moja, kwahiyo mita moja ni kama sehemu ya kumi ya sekunde. Kama mimi natumia sekunde 13 na wewe 12, nitangulize mita kama tisa hivi, tutafika kwenye utepe tumebanana mabega na watu hawatajua nani kashinda mpaka waangalie picha. Wanavaa rangi tofauti ili mtazamaji ajue, yule wa nyuma kabisa anavaa nyekundu, hivo hata bibi aliyekaa mbali anaona nyekundu inakuja inawameza mmoja mmoja, au haiwamezi, ndo utamu wenyewe.

Ngoja niseme kuhusu hao wa nyuma maana hapa ndo niliipenda hii mbio. Mnamkumbuka Asafa Powell wa Jamaika, yule aliyeshika rekodi ya dunia kabla ya Bolt? Mwaka 2013 alienda Stawell, na hakufika hata fainali. Watu ambao huwezi kuwataja majina walimtoa, kwa sababu walitangulizwa na yeye hakutangulizwa, na majani sio treki aliyoizoea. Mwaka 2025 akaenda yule kijana Gout Gout, mzaliwa wa Australia ila wazazi wake wametoka Sudani Kusini, ambaye mwisho wa 2024 akiwa bado mwanafunzi alikimbia mita 200 kwa sekunde 20.04 na kuvunja rekodi ya Australia iliyokaa tangu Olimpiki ya 1968. Dunia nzima inamtazama, mji umejaa mpaka pomoni, na kijana akaishia nusu fainali. Wala hakuonewa. Mita zilikuwa zimeandikwa, kila mtu aliziona, alishindwa kuzifidia basi.

Ila kuna mmoja alizifidia. Na huyu mmoja ni Mwafrika, na nashangaa hapa kwetu hatujui hata jina lake wakati kisiwa chake kipo kwenye bahari hii hii yetu ya Hindi. Anaitwa Jean-Louis Ravelomanantsoa, wa Madagaska. Alishakimbia fainali ya mita 100 kwenye Olimpiki ya Mexico 1968, baadae akaingia riadha ya kulipwa, na mwaka 1975 akaenda Stawell akaanzia sifuri, nyuma ya watu wote, akashinda. Tangu 1878 mpaka 1975, karibu miaka mia, hapajawahi kutokea mtu aliyeanzia sifuri akashinda, wa kwanza akawa mtu wa Madagaska. Ilibidi wasubiri miaka mingine 30 mpaka Josh Ross naye akaifanya hiyo 2005, na huyo Ross alishashinda 2003 akiwa ametangulizwa, yaani alirudishwa nyuma kwa sababu kawa mkali na bado akawapata. Hebu fikiria heshima ya mtu kama huyo. Kwenye mita mia ya kawaida mkali akishinda tunasema sawa, ilitegemewa. Kwenye hii mkali akishinda watu wanasimulia miaka hamsini.

Jirani yangu hapa gengeni anabisha, anasema kumtanguliza mtu ni kumbeba, mwenye uwezo ashinde na asiye na uwezo akae. Nikamwambia bana wewe kila jioni unacheza drafti na mzee yule wa kushona viatu, anakutolea kete mbili ndo mnaanza, mbona huoni umebebwa? Akanyamaza kidogo alafu akasema drafti ni tofauti. Sio tofauti. Mita tisa hazikimbii zenyewe, huyo aliyetangulizwa anatakiwa akimbie mbio bora ya maisha yake vinginevyo nyekundu itampita kwenye mita ya mia na kumi watu wakamcheka. Tena akishinda leo, keshokutwa anapunguziwa mita. Hakuna anayekaa mbele milele.

Sasa pesa. Hizi mbio toka mwanzo zilikuwa za pesa, na hilo liliwaletea maneno mengi. Uskoti wana mbio ya mwaka mpya iliyoanza Edinburgh 1870, ilikuwa inaitwa Powderhall kwa jina la uwanja, nayo ni ya kutangulizana hivo hivo. Zama zile sheria za ridhaa zilikuwa kali, ukichukua hata shilingi ya mbio basi Olimpiki usahau. Kuna Mskoti mmoja George McNeill, mwaka 1970 alikimbia yadi 120 kwa sekunde 11.14, rekodi ya dunia ya wakimbiaji wa kulipwa, na 1981 akaenda Stawell nako akashinda, mtu wa kwanza kushinda zote mbili. Hakuwahi kukanyaga Olimpiki, kwa sababu alishakuwa mtu wa kulipwa. Kasi anayo, mlango umefungwa. Upande wetu ikawa kinyume, kina Filbert Bayi aliyevunja rekodi ya mita 1500 kule Christchurch 1974 na Suleiman Nyambui, huyu wa Majita hapo Mara kwa watu wa ziwa, aliyeleta fedha ya mita 5000 kutoka Moscow 1980, walikimbia enzi za ridhaa, dunia inawapigia makofi ila makofi hayalipi ada. Siku hizi ukuta huo haupo, Gout Gout anaweza kukimbia Stawell Pasaka na baadae akaenda mashindano ya dunia. Kwahiyo ile hofu kwamba kijana akikimbia mbio ya pesa ataharibikiwa tuiondoe kabisa.

Na niongeze hapa hapa, hizi mbio ziliwapa nafasi watu ambao kwingine walikuwa wanafungiwa. Wenyeji wa asili wa Australia, weusi kama sisi, walioporwa ardhi na kupangiwa hadi wapi pa kuishi, mmoja wao Bobby Kinnear alishinda Stawell mwaka 1883, na mwingine Lynch Cooper akashinda 1928. Sisemi Wazungu walikuwa wema. Nasema tu kwamba kamba ya kumalizia haiangalii mtu.

Haya, sasa nisije nikaonekana nauza ng'ombe nimeficha jino. Hii mbio ina wizi wake, na wizi wenyewe ni mtamu kuusikia. Kwa kuwa mita unapewa kutokana na muda wako, basi mjanja anachofanya ni kujificha. Anaenda mashindano madogo anakimbia kama amekula ugali wa jana, anashika nafasi ya nne, ya tano, msimu mzima, mgawa mita anamwonea huruma anamtanguliza mbali, alafu siku ya pesa nyingi anafunguka. Zamani Uskoti matajiri walikuwa wanawatunza wakimbiaji kwa siri, wanawafanyisha mazoezi mafichoni, wanawaandikisha kwa majina ya uongo, siku ikifika wanabeti mzigo mzima. Sisi hapo hatuhitaji kufundishwa, tuna mamluki. Nani hajaona kwenye UMISSETA, ile michezo ya sekondari, mtu ana ndevu anavaa sketi... samahani, anavaa kaptula ya kidato cha pili? Nani hajaona ndondo za huku mtaani timu inaleta beki "binamu yake kocha" ambaye Jumamosi iliyopita alikuwa ligi kuu? Kwahiyo watakuja, najua watakuja, kijana wa Singida ataandikishwa kama mvuvi wa Ukerewe aliyeanza kukimbia juzi.

Dawa yake wenzetu wanayo na haina maajabu. Kuna waamuzi wanaotazama mbio ndogo zote, ukikimbia leo polepole na kesho kama upepo unaitwa ofisini ueleze, ukishindwa kueleza unatozwa faini au unafungiwa, au mita zako zinakatwa kabla ya fainali. Daftari tu na macho.

Kubeti ndo nina msimamo ambao wengine hawataupenda. Stawell na Powderhall zilikuzwa na kamari, hilo siwezi kulificha, mabuki, wale wapokea dau, walikuwa wanasimama pembeni ya uwanja na mabango yao, na wengi walikuwa wanakuja kwa ajili hiyo. Lakini huku kwetu kila kona kuna kibanda cha kubeti tayari, vijana wanachana mikeka tangu asubuhi, dagaa hawajakauka mtu kashaliwa. Tukiwaongezea mbio ambayo wakimbiaji wenyewe ni vijana wa mtaani wanaojulikana, ndani ya mwezi mmoja mtoto atapigiwa simu aambiwe "kesho usishinde, chukua elfu hamsini". Kwahiyo mi nasema tuanze bila. Zawadi itoke kwenye kiingilio na kwa wafadhili, na watoto chini ya miaka 18 wawe na mbio yao ya vikombe na madaftari. Mtakaosema bila kubeti haitanoga, nendeni kaangalieni watoto wa Mabatini wanaokimbilia jiwe.

Wafadhili wapo. Kumbukeni Stawell ni mji wa dhahabu. Watu walikusanyika pale kwa ajili ya machimbo, na mbio zikaanzishwa wakati machimbo yana watu na pesa inazunguka, Pasaka wachimbaji wako mapumziko wana hela mfukoni na hawana pa kwenda. Sasa jamani sisi tuna nini hapo ng'ambo? Tuna Geita. Tuna wachimbaji wadogo kila pori, tuna mgodi mkubwa, na daraja la Kigongo–Busisi limeshafunguliwa, mtu hakai tena kusubiri kivuko nusu siku, anatoka Geita asubuhi anakimbia Mwanza mchana anarudi kulala kwake. Wachimbaji, wavuvi wa Ukerewe na Ukara wanaovuta makasia wana vifua kama milango, bodaboda, wanafunzi wa Nsumba na Bwiru, wanajeshi, wabeba mizigo wa hapa Mwaloni ambao mi nawaona kila siku wanashuka na gunia kwenye ubao mwembamba kwa mbio na hawadondoki. Ukiwaweka hao kwenye mita mia ya kawaida, mwanafunzi aliyefundishwa atawaacha wote. Ukiwatangulizia mita kwa haki, sijui nani atashinda na wewe Mhariri hujui, na mtu akishakuwa hajui ndo analipa kiingilio.

Tatizo kubwa la Mwanza, tuseme ukweli, ni mawe. Kupata mita 120 za tambarare zenye majani katika mji huu ni kazi, ukipata mita themanini unakutana na jiwe kubwa kama nyumba na juu yake kuna nyumba kweli. Nyamagana siku hizi ni nyasi bandia, zinafaa kwa mpira wala sizisemi vibaya, lakini nataka majani ya kuota. Kwa nini? Kwa sababu kwenye majani mtoto asiye na viatu anakimbia sawasawa na mwenye njumu, hachubuki, akianguka anainuka. Treki ya kisasa ni ya mabilioni na iko wapi? Majani yanahitaji mvua, mashine ya kukatia au hata fyekeo mbili tatu na vijana wenye moyo, kamba za katani, mambo ya kuzuia mbuzi wiki mbili kabla. Na yakiwa na kamteremko au kamwinuko kidogo sio kesi, hata pale Stawell uwanja unapanda kidogo kuelekea mwisho na hawajaacha kukimbia.

Muda wake pia nimeufikiria. Pasaka huku ni katikati ya masika, utakimbia kwenye tope. Nane Nane pale Nyamhongolo watu wapo wa kutosha lakini Agosti majani yameshakuwa makapi. Mi naona mwezi wa sita, mvua zimekata na ardhi bado ina kijani, na mwezi huo huo kuna sikukuu ya Bulabo pale Bujora, Kisesa. Watu wa kanda ya ziwa wanajua, Wasukuma wanakuja toka wilaya zote kwa ajili ya ngoma za mashindano, Bagika upande huu Bagalu upande huu, kila upande unavuta watu kwake kwa mbwembwe na dawa, na mshindi ni yule aliyejaza watazamaji wengi. Hao watu wameshazoea ushindani toka enzi za mababu, wanajua kushangilia, wanajua kuzomea kwa adabu. Siku moja kabla au baada ya ngoma ukiwawekea mbio pembeni, na wakimbiaji nao wagawanyike Bagika na Bagalu, hutahitaji kumlipa mtu wa matangazo. Bila shaka wenye sikukuu yao waulizwe kwanza, sio tunavamia tu na kamba zetu.

Na dawa zitakuwepo, hapa ni Usukumani, tusidanganyane. Mtu ataoga majani usiku, mwingine atamwaga kitu kwenye njia ya mwenzake. Sawa. Mgawa mita yeye aangalie saa.

Zawadi nayo isiwe ya kutisha. Pauni 24 za kwanza hazikuwa utajiri. Ng'ombe dume mmoja mwenye afya na pesa taslimu kidogo, kwa mwanaume na kwa mwanamke sawa sawa, itatosha kuleta watu mwaka wa kwanza. Mbio ya akina mama ndo naisubiri mimi kuliko zote, kuna mama lishe hapa jina simtaji, mwizi alimpora simu pale sokoni akamkimbiza mpaka karibu na Furahisha akamkamata na ndala mkononi, huyo akitangulizwa hata mita nne tu, wanafunzi wa michezo wajiandae.

Septemba 2025 wote tulimwona Alphonce Simbu kule Tokyo, kilomita 42 zote alafu wanamaliza wamepishana na Mjerumani kwa sekunde 0.03, bingwa wa dunia wa kwanza wa Tanzania. Hapa Mwaloni watu waliacha mizani, wateja wamesimama na vikapu, kila mtu anauliza nani, nani, nani kapita. Hiyo dakika ya kutojua ilikuja yenyewe kwa bahati ya Mungu baada ya saa mbili. Mgawa mita mzuri anaitengeneza kila baada ya dakika kumi, kuanzia mchujo wa kwanza mpaka fainali.

Sasa nije kwako wewe Mhariri maana bila wewe hii haianzi. Gazeti lenu likiandika riadha ya shule linaandika "fulani aliibuka mshindi" na picha ya mgeni rasmi anakabidhi mpira. Muda hamuandiki. Wa nne, wa tano, wa nane hamuwaandiki kabisa, na hao ndo ninaowataka, kwa sababu huwezi kumtanguliza mtu kama hujui anatumia sekunde ngapi. Naomba kuanzia mashindano yajayo muandike muda wa wote waliofika fainali, na mseme kama ilikuwa majani au vumbi, na upepo ulikuwa wapi. Walimu wa michezo wa Ilemela, Nyamagana, Magu, Misungwi, Sengerema, Ukerewe na huko Geita, wale wenye madaftari ya zamani yenye sekunde za vijana wao, msiyafungie vitumbua. Leteni gazetini au leteni hapa Mwaloni upande wa wauza dagaa, ulizieni "yule wa mbio", mtaonyeshwa. Daftari jipya nimeshanunua na saa ya kusimamisha nimeazima kwa mwalimu mmoja, nimeanza na wabeba mizigo.

Msomaji wenu,
Muuza dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza